Nyuma ya Tangi

Nyuma ya tangi la maji, kule Kiamunyi,
palikuwa na kipande cha udongo
kisichozidi kitanda cha futi nne kwa sita.
Mwenye nyumba alituruhusu, kwa sharti moja:
tusipande kitu kitakachopita ukuta.

Barmasai akanunua mbegu.
Nyeusi, zenye pembe, mfano wa baruti.
Akasoma tarehe ya pakiti mara mbili chini ya balbu:
"Mbegu ya kitunguu haitunziki.
Mwaka ukipita, inakufa na hukuoni inakufa."
Akachora mistari kwa kijiti, kina cha ukucha,
akatandaza nyasi kavu, akanyunyizia
kwa kopo alilolitoboa kwa msumari.
Siku ya kumi akaniita nje na sufuria bado mkononi:
zimetoka, lakini mgongo kwanza,
kila moja imejipinda, kichwa kingali ardhini,
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi.

Mimi sina subira ya kulea nywele.
Jumamosi nikaenda sokoni kwa Nyakerario,
anayeuza miche kwa fungu,
imefungwa kamba ya mgomba, mizizi ndani ya gazeti bichi.
"Hamsini. Chagua unene wa penseli.
Mwembamba utakusumbua,
mnene utakutolea maua ukabaki na bua."
Nikapanda jioni, vidole vinne mche hadi mche,
nikaingia kulala nikijua
nimemtangulia mume wangu wiki sita.

Asubuhi yote ilikuwa chini,
imelala kama wageni wa matanga.
Barmasai hakusema neno.
Alipiga mswaki tu, muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya tatu ikainuka.

Udongo wa Nakuru ni mwepesi,
majivu ya Menengai ya kabla ya babu zetu;
unakunywa maji na kusahau papo hapo.
Maji ya kuoshea mchele, maji ya kusuuzia nguo,
yote yalikwenda nyuma ya tangi.
Wadudu wakaja, wadogo kuliko nukta,
wakaacha michirizi ya fedha kwenye majani;
tukawapulizia sabuni na pilipili,
tukapiga chafya sisi, wao wakatutazama.
Miche yake ikakua, akaihamishia kando ya yangu,
safu kwa safu, bila kuniomba nafasi.

Vilipoanza kutoa mabega nje ya udongo,
vyekundu, vimenyanyua ngozi,
ujumbe ukaingia kwenye simu:
kuanzia mwezi ujao, kodi inaongezeka elfu tatu.
Kumbe lile sharti la ukuta
lilikuwa letu peke yetu.

"Ting'oe?" nikauliza.
"Kitunguu hakihamishwi mara mbili," akasema,
akiwa amebeba godoro kichwani, sikuuona uso wake.
Tukahamia Lanet, ghorofa ya tatu,
ambako udongo ni ule wa viatuni.
Kwenye tangi aliacha namba yake kwa chaki
na neno moja: MWAGILIA.

Wiki ya saba simu ikalia.
Sauti ya mwanamke, ya woga kidogo:
"Mimi Apondi, mpangaji wa Kiamunyi.
Vitunguu vyenu vimeanguka, shingo zote zimelegea.
Nimemwaga maji, nimemwaga tena,
haviamki. Naomba msamaha."
Barmasai akakaa chini kwenye ngazi.
"Dada, usimwage tena hata tone.
Huo si ugonjwa.
Viache vilale hivyo hivyo. Vimeiva."

Alituletea nusu gunia kwa pikipiki,
nusu tukamwambia abaki nayo, akabisha, akabaki nayo.
Tukavianika kivulini, kwenye kibaraza,
vikichakarika upepo ukipita,
majirani wakiruka juu yake kwa lawama.
Barmasai akaokota kimoja, akakigeuza mwangani.
"Hiki ni cha mbegu."
"Umejuaje?"
Akafungua mdomo.
Nilikuwa nimeshakikata.